Bomba la Makaburini

Asubuhi nzima Anselme alitangulia, na kila mahali mto ulipopinda aligeuka akampungia mkewe mkono. Odile, aliyekuwa akimfuata kwa baiskeli yake, roho ilimtulia. Madaktari walikwisha kata tamaa na akili ya mumewe. Yeye alibakiwa na njia hii tu, waliyokuwa wakiipita pamoja kila kiangazi.

Adhuhuri walisimama makaburini, nje ya kijiji. Waendesha baiskeli wa bonde lile wanajua kwamba hata mikahawa yote ikifungwa, bomba la kumwagilia maua ya wafu halikosi maji. Anselme alijaza chupa yake, kisha akampisha mkewe.

“Karibu maji, bibi. Unatoka mbali?”

Odile alikinga chupa yake bombani, akacheka akidhani ni utani. “Natoka ulikotoka wewe.”

“Basi utakuwa umempita mke wangu. Yule haendi mbio. Ukimwona, mwambie nimemngoja mpaka nimechoka.”

Vijana wawili wakapita barabarani na baiskeli zao. Anselme akawapungia mkono, kwa tabasamu lilelile la asubuhi nzima. Odile akaliona, na kicheko kikamkauka mdomoni.

“Anselme,” aliita.

Mumewe alikwisha panda baiskeli. Miguu yake haikuwa imesahau kitu. Alipofika kwenye kona aligeuka, akapunga mkono. Odile naye akainua wake, kama wanavyosalimiana wapita njia, huku maji yakifurika chupani na kumlowesha viatu.