Swichi ya Kibwana

Jeneza lilikuwa limeshapakiwa nyuma ya pikapu na waombolezaji wamejaa uani, lakini injini haikuwaka. Marehemu Kibwana aliusia apelekwe makaburini kwa gari lake mwenyewe, si la mtu mwingine.

Fundi Mashauri alijaribu tena. Starta ilizungusha vizuri na petroli ilifika, ila plagi hazikutoa cheche.

"Au mwenyewe hataki kwenda?" aliuliza Nyange, mdogo wake marehemu.

"Hajakataa. Amekata moto kwa swichi ya siri. Iko wapi?"

"Hata mkewe hakumwonyesha."

Ndivyo walivyokuwa madereva wa mji ule. Kila mmoja alificha swichi yake kwa kuogopa wezi, na siri ilikuwa yake peke yake.

Mashauri alipapasa chini ya dashibodi na nyuma ya kiti, asipate kitu. Mwishowe akaacha kutafuta. Akakaa kama dereva, akajilegeza, akazama katika shimo ambalo mwili wa Kibwana ulikuwa umelichimba kitini kwa miaka. Bega likaegemea mlango. Mkono wa kushoto ukateremka, ukaingia kwenye mpasuko wa sponji, na kidole kikabonyeza. Mkono huo hakuwa ameutuma yeye.

Injini ikanguruma. Ndani ya nyumba kilio kikakatika.

Mjane alitoka akijifunga kanga, akawapita watu bila kuwaona, akaenda kufungua geti kama alivyozoea kila jioni. Kisha akasimama kando, macho barabarani, akingoja gari liingie.