Nukta ya Safu ya Saba

"Pima tena," alisema Profesa Ludomir Wąsik, kwa mara ya tatu asubuhi ile.

Jagna, mtafiti wa maabara, alilamba jamu ya donati kidoleni. "Profesa, hata mashine imeshakuchoka."

"Ilinichoka zamani. Pima."

Mzee alikuwa amefika mji wa Wrocław kwa treni ya alfajiri. Koti hakuvua. Alikumbatia kikombe cha udongo chenye madoa ya buluu, kama mtu aliyerejea kazini.

Ndani ya jokofu la maabara kililala kipande kikuukuu cha majaribio, chembamba kuliko ukucha. Katika safu yake ya saba mlikuwa na nukta ndogo kuliko vumbi, imefungiwa baina ya vioo viwili. Mwale wa leza ukiigusa, hutoa chembe moja ya nuru, kisha nyingine, na ni nadra mno kutoa mbili kwa pamoja: mara tatu tu katika elfu. Ndivyo lilivyosema daftari la mtafiti mmoja wa maabara hii, lililoandikwa kwa penseli miaka kumi na minne iliyopita. Wakaguzi walipopima, walipata zaidi ya mia katika elfu. Wakaamua kwamba namba zile zilibuniwa.

"Kuna mtu alifukuzwa kwa namba hii," alisema Jagna, huku akibandika utepe mweusi juu ya taa ndogo ya kijani iliyokuwa kwenye pampu.

"Mbele ya wenzake wote. Hata kikombe hakuachiwa achukue." Mzee alinyoosha kidole kwenye pampu. "Utepe huo wa nini?"

"Taa hii inaingiza nuru isiyotakiwa, hesabu inaharibika. Mara mbili za leo nimeiacha wazi kama wakaguzi, nikapata mia kama wao. Daftari limesema wazi, ifunikwe kwanza. Hao wakaguzi sijui walikuwa na haraka ya kwenda wapi. Ukurasa wenyewe ni wa pili."

"Hawakuusoma," alisema mzee, akaketi.

Jagna alizima taa za chumba. Mashine mbili za kuhesabu zilianza kazi, ilhali mzee akikisugua kikombe kwa kidole gumba, mahali pamoja tu. Baada ya saa nzima, Jagna alimgeuzia skrini.

"Tatu kwa elfu. Namba ilikuwa ya kweli, Profesa. Barua ya kusafisha jina tuipeleke kwa nani?"

Mzee alikiweka kikombe mezani, taratibu, akatoa kalamu.

"Kwa mjane wa yule aliyefukuzwa, mjini Opole. Na kikombe cha mumewe pia. Saini nitatia mimi, kama nilivyotia kwenye ile iliyomfukuza."