Vali ya Machano

Kila gesi ilipopungua bombani, kompresa ya mtambo, mashine ya kusukuma gesi, ilianza kutetemeka kama mgonjwa wa homa, na Machano alikimbilia gurudumu la vali kulizungusha kwa mikono, vali ifunguke na kurudisha gesi kabla mashine haijavunjika. Mota ya kuifungua vali ilikuwa ya polepole mno kutegemewa.

Asubuhi hiyo fundi Zaituni alifunga mota mpya.

"Leo usiguse, kaka," alisema, akapunguza gesi makusudi.

Machano alifumbata mikono nyuma. Kufumba na kufumbua, vali ikafunguka yenyewe. Mashine ikaendelea kunguruma, shwari.

"Nenda kapumzike. Nitaiangalia mimi."

Alitoka, akaketi kivulini, akamenya chungwa taratibu, ganda likiteremka refu bila kukatika.