Nyati wa Kwanza Alitangulia Mtoni

Wanyama waliamini kwamba Nyati wa kwanza, mwanzilishi wa taifa lao, alitangulia mtoni peke yake, na mamba wakafumba vinywa kwa heshima. Kila sikukuu ya taifa Digidigi aliisimulia habari hiyo ukingoni. Mwaka huu Nyati mtawala alitaka wote wavuke mahali hapo hapo.

Bibi yake Digidigi alimnong'oneza zamani kwamba siku ile mamba walikuwa wameshiba digidigi waliotangulizwa. Lakini atakayesema hivyo atakanyagwa.

"Simulia upesi, binti!" Nyati alifoka. "Kisha nyinyi wadogo mtangulie."

"Mtukufu," alisema Digidigi, akiinama, "aliyetangulia ni babu yako. Mimi ni nani hata nikupokonye heshima hiyo?"

Umati ukashangilia: "Mjukuu atangulie!"

Nyati akayatazama maji. Gogo moja likafumbua jicho.

"Nimekumbuka," akasema polepole. "Babu alivukia kule juu, kwenye maji ya magoti."

"Naam, ndiko hasa," Digidigi akaitikia haraka.

Wakavuka salama, na tangu hapo hekaya husimuliwa hivyo. Digidigi huisimulia bila kukosea neno, wala hampi Nyati mgongo, maana Nyati hajasahau kwamba Digidigi alimwona akiogopa.