Stendi Nyepesi

Fausta alishika stendi mbili za kamera dukani Katesh, moja nzito, nyingine nyepesi ya kukunja. Bega lilimuuma; alikuwa ametoka kupiga picha za harusi Endasak.

"Hiyo nyepesi upepo utaiangusha, dada," muuzaji alimwonya.

Alijua. Lakini kwa mama yake, huko kijijini Daudi, pikipiki haifiki. Kilima kinapandwa kwa miguu, naye alikuwa amechoka.

"Si huwa unashika kamera mkononi? Stendi ya nini tena?" aliuliza muuzaji, aliyemzoea.

Fausta aliivuta miguu mitatu ya ile stendi nyepesi, akaisimamisha juu ya kaunta. Ilitikisika kidogo.

"Mama anaumwa," alisema. "Miaka yote napiga picha familia za watu. Sina hata moja niliyokaa naye."

Muuzaji aliinama, akaanza kuikaza ile miguu, polepole.