Kando ya Duara la Pango

Walikuwepo chifu msaidizi, mzee wa kanisa, mtaalamu wa miamba kutoka Nairobi, na Kwamboka, mjane mwenye boma.

Mtaalamu alikunjua mchoro. Kompyuta ya chuo kikuu ilikuwa imekokotoa jinsi maji yalivyoyeyusha mwamba na kuacha pango chini ya nyumba. "Mama, ardhi hii itadidimia. Hama kabla ya mvua."

"Na kaburi la mume wangu, kulia kwa mlango?"

"Halikuingia katika hesabu, mama."

Kwamboka aliweka kidole, cheusi kwa utomvu wa ndizi, kando ya duara lililoonyesha pango kwenye mchoro. Doa likabaki pale alipolala mumewe.

"Kaburi halihami," chifu msaidizi alisema kwa upole.

"Najua." Akawageukia wote. "Ng'ombe wapelekeni kwa shemeji. Mimi nitabaki naye."