Mafuta ya Sufu

Sabuni ya Sikudhani ilitiwa mafuta ya sufu ya kondoo, na mji mzima uliichangamkia.

"Inanuka zizi," Mashavu, muuza sabuni mwenzake, alimwambia kila aliyesimama kwenye meza yake, ng'ambo ya barabara. "Oga nayo uone kama mbuzi hawatakufuata."

Watu walicheka, kisha wakavuka kwenda kwa Sikudhani.

Siku moja mama mmoja alisimama kwa Mashavu. Mashavu alipompa kipande cha sabuni yake ya mawese, yule mama aliushika mkono wake badala ya sabuni.

"Ala! Mikono imelainika hivi? Si juzi tu ilikuwa imepasuka kama visigino? Basi nipe vitatu."

Mashavu alivifunga kwenye gazeti bila kuinua uso. Kipande cha Sikudhani kilikuwa bafuni kwake, kimefichwa ndani ya kopo. Hata sifa hizi zilikuwa za mwenzake.

Sikudhani alikuwa ameona yote. Alivuka barabara, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, da Mashavu."

Mbele za watu, Mashavu angemkatalia vipi? Alimpa mkono. Sikudhani aliuinamia akaubusu, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake, lakini pua yake ilikawia juu ya ngozi, ikaisikia harufu ya sufu.

"Marahaba," Mashavu alisema.

Sikudhani alirudi kwenye meza yake. Akachagua kipande kinono kuliko vyote, akakifunga vizuri, akakiweka pembeni, mbali na vya wateja.